Boila ya Kuni Mbali na Makuti: Jinsi ya Kupima Paipu na Pampu

Mwenye nyumba ya wageni hapa Malindi akitaka kupasha maji kwa kuni, jambo la kwanza linalomwamulia ni makuti. Paa la makuti wakati wa kaskazi limekauka kabisa, na cheche moja inatosha. Kwa hiyo boila inasogezwa mwisho wa kiwanja, mita 50 au 60 kutoka vyumbani. Ni uamuzi sahihi, lakini hapo ndipo shida ya maji inapoanza: huku boila inatokota na kutoa mvuke, kule vyumbani maji yanafika vuguvugu. Fundi anaitwa, anaigusa pampu, anasema, "Bosi, hii ni ndogo, tuweke kubwa." Inawekwa kubwa, pesa zinatoka, na maji yanabaki vuguvugu vilevile.

Mara nyingi shida iko kwenye paipu. Umbali hulipiwa kwa upana wa paipu kwanza, pampu huja baadaye, na anayeanza na pampu atanunua mara mbili. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: nyumba ya wageni 20, boila iko mita 60 kutoka kwenye tangi la maji moto. Wewe weka namba zako mahali pa zangu.

Kama una paa la zege lisilo na kivuli, anza na hita za jua. Jua la Malindi ni la bure na halina moshi. Kuni zina maana pale unapokuwa na matawi ya mvinje na mwarobaini ya kupogoa kila mwaka, makumbi na vifuu vya nazi, au pale masika yanapofunga mawingu na wageni bado wanataka kuoga maji moto.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwa kufuata upepo

Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake, yaani zinatoka upande wa bahari. Basi boila ikae magharibi ya kiwanja, nyuma ya nyumba, ili moshi na cheche zielekee bara misimu yote miwili. Usiku wa manane hadi alfajiri upepo hugeuka ukatoka bara, ingawa ni mdogo. Ndiyo maana mimi napendelea moto uwashwe saa nane mchana hadi saa kumi, upepo wa bahari ukiwa umekolea, na maji yawe tayari kabla wageni hawajarudi kutoka pwani.

Jirani wa magharibi naye ana pua. Pandisha bomba la moshi lipite paa lake, na juu yake weka wavu wa chuma kisichoshika kutu wa kuzuia cheche. Wavu huo usafishwe masizi mara kwa mara, kwani ukiziba moto hauvuti.

Hatua ya 2: Tenganisha maji ya boila na maji ya kuogea

Hapa usibane matumizi. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakatoka na chokaa nyingi, na karibu na bahari yana chumvi pia. Fungua hita ya umeme iliyotumia maji ya kisima kwa mwaka mmoja uangalie elementi yake: imevaa ganda jeupe gumu, ukiligonga kwa bisibisi linabanduka vipande vipande. Sasa fikiria ganda hilo ndani ya boila, mahali ambapo moto unagusa chuma. Joto halipiti, chuma kinapata moto kupita kiasi, na mwisho kinapasuka.

Kwa hiyo fanya mizunguko miwili. Wa kwanza ni maji yaleyale yanayozunguka boila, paipu na koili (paipu iliyoviringwa) iliyo ndani ya tangi la maji moto, kisha yanarudi boilani. Hayatumiki wala hayabadilishwi. Yajaze mara moja kwa maji ya mvua, au ya mfereji yanayotoka Baricho, Mto Sabaki, lakini ya kisima kamwe. Mzunguko wa pili ni maji ya kuogea yanayopashwa na koili hiyo. Chokaa itakayokuja itashika nje ya koili, ambako unaweza kuifikia na kuisafisha.

Mwambie anayekutengenezea tangi kwamba koili ibebe kilowati 25, namba tutakayoihesabu Hatua ya 3. Kwa shaba nyekundu ya mm 28 hiyo ni kama mita 28 za paipu iliyoviringwa, sawa na mita za mraba 2.5 za kugusana na maji. Koili fupi ni kosa lisiloonekana kwa nje, na pampu yoyote utakayonunua haitalirekebisha.

Hatua ya 3: Hesabu joto unalohitaji

Mgeni akioga mara mbili kwa siku, lita 45 kila mara, wageni 20 watatumia lita 1,800 za maji ya nyuzi 40. Lakini maji hayo ni mchanganyiko. Maji baridi ya hapa ni kama nyuzi 27, na ya tangini tutayapasha hadi 60. Kupata nyuzi 40 unahitaji sehemu 13 kati ya 33 za maji moto, yaani kama lita 710. Ongeza 490 za jikoni na kufulia, upate lita 1,200 kwa siku.

Lita moja ikipanda nyuzi moja inakula wati-saa 1.163. Basi:

1,200 × 33 × 1.163 = wati-saa 46,055

Hizo ni uniti 46, uniti zilezile za tokeni ya stima. Tukitaka kazi iishe kwa saa 2 za moto, boila itoe kilowati 23. Ongeza 2 za joto linalopotea njiani, tufike kilowati 25. Namba hii ishike, ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Kuhusu kuni: kilo moja ya kuni kavu ina kama uniti 4, na boila ya kawaida huchukua nusu yake hivi. Uniti 50 ni kilo 25 za mvinje uliokauka vizuri. Mvinje mbichi utakula kilo nyingi zaidi, ukuachie na lami kwenye bomba la moshi.

Hatua ya 4: Geuza joto liwe lita kwa saa

Maji yanatoka boilani yakiwa moto, yanaacha joto kwenye koili, yanarudi yakiwa yamepoa kidogo. Tofauti hiyo unaichagua wewe. Ukichagua nyuzi 10, maji mengi lazima yazunguke, na paipu na pampu zote zinakuwa kubwa. Ukichagua 25, maji machache yanatosha, lakini yanarudi baridi mno, na boila ya kuni ikirudishiwa maji baridi hutoa jasho ndani, jasho lenye asidi linalokula chuma. Mimi nachukua 15.

25,000 ÷ (1.163 × 15) = lita 1,433 kwa saa

Ni kama lita 24 kwa dakika. Kwa tofauti ya nyuzi 10 ingekuwa lita 2,150, na msuguano ndani ya paipu ileile ungeongezeka mara mbili.

Hatua ya 5: Chagua paipu

Paipu ya maji moto inayopatikana katika kila hadiwea hapa ni ya plastiki, inaitwa PPR. Namba iliyoandikwa juu yake ni kipimo cha nje, na wengi hunaswa hapo. PPR ya 32 ya PN20 (daraja la presha) ina tundu la mm 21.2 tu. Ya 25 ina mm 16.6, na ya 40 ina mm 26.6.

Umbali ni mita 60, lakini maji yanakwenda na kurudi, kwa hiyo paipu ni mita 120. Kwa lita 1,433 kwa saa, kila mita 100 za paipu zinakula hedi (nguvu ya pampu ya kusukuma, ikipimwa kwa mita) hivi:

PPR 25: karibu mita 20
PPR 32: mita 6.2
PPR 40: mita 2.1
PPR 50: mita 0.7

Tazama kuruka kulikopo kati ya 25 na 40. Tundu limeongezeka kwa mm 10 peke yake, msuguano umeshuka mara tisa. Hiyo ndiyo sababu ya maji vuguvugu: fundi alitumia paipu aliyozoea kupeleka bafuni, ambayo kwa mita 8 haina neno, akaitandaza mita 120. Hakuna pampu ya kawaida ya kuzungusha maji itakayoshinda mita 24 za msuguano.

Kwa mfano wetu jibu ni 40. Ukifikiria kuongeza vyumba baadaye, laza 50 sasa hivi, maana gharama kubwa ni ya mtaro, na mtaro hauchimbwi mara mbili kwa hiari.

Nunua PPR yenye tabaka la aluminiamu au nyuzi za kioo katikati. PPR tupu hurefuka mm 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 60 zikitoka nyuzi 27 hadi 72 zitarefuka sentimita 40. Zile zenye tabaka hurefuka chini ya robo ya hapo au karibu nayo. Pia plastiki isifungwe moja kwa moja kwenye boila: mita 3 za kwanza, za kutoka na za kurudi, ziwe za chuma, kwa sababu PPR haipendi kukaa juu ya nyuzi 70 muda mrefu, na boila inaweza kuruka ikafika 90 mtu akijaza kuni nyingi.

Msimamie anayechomelea. Pasi ya PPR huwekwa nyuzi 260, na paipu ya 40 inakaa sekunde 12. Ukiiacha zaidi, au ukisukuma ndani kupita alama, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kufanya pete inayobana tundu. Kwa nje kiungo kinapendeza, na maji hayavuji. Kabla ya kazi kuanza mwambie achomelee kiungo kimoja cha majaribio, akipasue kwa msumeno kwa urefu, mtazame pamoja. Pete ndogo ni sawa. Ikiwa imepunguza upana wa tundu kwa mm 4 au 5, hiyo 40 yako ameigeuza kuwa 32 kila penye kiungo. Na punguza elbo (viungo vya kona) za nyuzi 90, mbili za 45 hupitisha maji vizuri zaidi.

Hatua ya 6: Sasa pampu

Kuhusu hedi, nimesikia mara nyingi: "Tangi liko ghorofa ya pili, mita 7, basi nahitaji pampu ya mita 7 na kuendelea." Kwa maji ya kupandisha kutoka kisimani, kweli. Kwa mzunguko uliojaa maji, si kweli: uzito wa maji yanayopanda husawazishwa na uzito wa yanayoshuka. Pampu inapambana na msuguano peke yake.

Jumlisha: paipu mita 120 × 0.021 ni 2.5. Viungo na elbo, ongeza asilimia 30, yaani 0.8. Koili 0.9. Vali na chujio 0.3. Jumla mita 4.5.

Basi pampu yako inatakiwa kutoa lita 1,433 kwa saa ikiwa na hedi ya mita 4.5, vyote kwa pamoja. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, mita 6 au mita 8, ni hedi ya juu kabisa wakati maji hayaendi popote. Ndani ya boksi kuna karatasi yenye mstari uliopinda: tafuta lita zako chini, panda hadi kwenye mstari, soma hedi pembeni. Pampu ya mita 6 ingefika hapo kwa shida, kwa spidi ya mwisho. Mimi ningechukua ya mita 8 yenye spidi tatu, ifanye kazi kwenye spidi ya kati. Kwa paipu ya 32 jumla ingekuwa karibu mita 11, na pampu ya hedi hiyo inakula stima zaidi kila siku ya maisha yake.

Ifunge karibu na boila, chini, ivute maji kutoka boilani na kuyasukuma kuelekea nyumbani. Shafti ilale sawa na ardhi, isisimame wima, la sivyo beringi zinakauka. Weka chujio kabla yake na vali pande zote mbili ili iweze kutolewa bila kumwaga maji. Iwashwe na kidhibiti joto: boila ikifika nyuzi 60 pampu ianze, isianze kabla.

Hatua ya 7: Stima ikipotea

Hili lisipofanywa, usiwashe moto. Kuni hazizimwi kwa swichi. Stima ikikatika pampu inasimama, moto unaendelea, na maji yaliyofungiwa yakigeuka mvuke boila inakuwa bomu.

Juu ya boila, angalau mita 3 juu ya usawa wa pampu, weka tangi dogo la chuma lililo wazi, la kupumulia. Kutoka kichwani mwa boila paipu ya chuma ipande moja kwa moja hadi juu ya tangi hilo, bila vali yoyote, bila kizuizi, bila kushuka popote. Pampu, paipu za kwenda na kurudi, na koili viwe chini ya usawa wa maji ya tangi hili, kwa hiyo kama koili iko ghorofani, tangi la kupumulia lazima liwe juu zaidi yake. Paipu nyingine irudishe maji chini ya boila. Maji ya mzunguko wetu ni kama lita 230, na yakipanda hadi nyuzi 90 yanaongezeka asilimia 3 na kidogo, yaani lita 7 hivi. Tangi la lita 30 linatosha, likijazwa robo tu likiwa baridi. Plastiki isitumike hapo, mvuke utailainisha.

Kisha weka inveta na betri kwa ajili ya pampu peke yake. Pampu ya wati 150 kwa saa 2 inakula wati-saa 300, na betri moja ya 12V yenye 100Ah inazimudu bila kuchoka. Inveta itoe mawimbi laini, maana zile za bei ya chini huifanya pampu ilie na kupata moto.

Hatua ya 8: Laza paipu

PPR ya 40 ikiachwa tupu inapoteza karibu kilowati 5 katika mita 120. Ikivishwa sponji nyeusi ya mm 13, inapoteza chini ya 2. Ivishe ya kwenda na ya kurudi kila moja peke yake, kisha zote mbili zipite ndani ya paipu pana ya PVC, kwa sababu sponji ikilowa mtaroni inageuka kuwa kitambaa cha maji na haizuii joto tena. Usizivute paipu zikakaza, ziache zijipinde kidogo ili zipate pa kurefukia.

Mtaro uwe na mteremko mmoja, ukipanda kuelekea tangi. Kila mahali paipu inapopanda na kushuka tena, hewa inajificha hapo na maji hayapiti. Kama kuna mwamba wa matumbawe unaokulazimisha kupanda, weka kitoa hewa juu ya kilele hicho na kisanduku cha kukifikia.

Hatua ya 9: Washa, kisha soma geji

Funga geji mbili za joto pale boilani, moja kwenye paipu ya kutoka na nyingine kwenye ya kurudi. Moto ukiwa umekolea na tangi bado linapanda, soma.

Zikisoma kama 75 na 60, kazi ni nzuri. Zikisoma 85 na 50, maji yanazunguka nusu ya inavyotakiwa au chini ya hapo: tafuta hewa, chujio lililoziba, au vali iliyofunguliwa nusu, kabla ya kuilaumu pampu. Zote zikiwa chini na zimekaribiana, tuseme 58 na 54, moto ni dhaifu, angalia kuni. Zote zikiwa juu na zimekaribiana, 88 na 84, ilhali tangi halipandi, koili haitoi joto: ni fupi au imevaa chokaa.

Kwenye maji ya kwenda vyumbani weka vali ya kuchanganya, isipitishe zaidi ya nyuzi 45. Ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache.

Safisha chujio wiki ya kwanza, litakuwa limejaa vumbi la PPR na kutu ya chuma, kisha rudia kila mwezi hadi litoke safi. Pampu ijengewe kibanda kidogo chenye matundu, kwani hewa ya chumvi inakula terminali za umeme. Aliye Lamu, ambako kila kifaa kinavuka kwa boti kutoka Mokowe, anunue pampu mbili siku ileile, zenye urefu sawa kutoka unioni (kiungo cha kufungulia pampu) hadi unioni, kwa kawaida mm 180, ili ya akiba iingie mahali pa ile iliyoungua bila kukata paipu.